Watoto wa Meza Waliogoma Kutoka

Mama yangu hasemi droo. Bibi alikuwa akisema saraka, mafundi wa siku hizi wote wanasema droo, lakini mama husema mtoto wa meza, na akiwa na haraka hufupisha: mtoto. Kwa hiyo masika ya mwaka jana alipopaza sauti kutoka chumbani, "Njooni mnitolee mtoto, kanasa!", wifi yangu, ambaye ni mtu wa bara na alikuwa mgeni wetu, aliacha chai yake ukumbini akakimbia. Alimkuta mama ameinama mbele ya kabati, mikono yote miwili imeshika kishikio, jasho linamtiririka. Mle ndani mlikuwa na dawa zake za presha, na saa ya kuzimeza ilikuwa imeshapita.

Nikavuta mimi. Kishikio kikang'oka, kikabaki mkononi mwangu, na droo haikusogea hata unywele.

Mama ana miaka 74 na vidole vyake vimeanza kukakamaa. Dawa zake zina mahali pake miaka yote: droo ndogo ya juu, mkono wa kulia. Ilipoanza kukataa, akawa anaziweka juu ya friji, mara dirishani, mara ndani ya mkoba, na siku moja hakukumbuka kama amekwisha kumeza au bado. Siku hiyo ndiyo niliyoamua kwamba kabati lile nitalishughulikia mpaka mwisho, hata kama ndugu zangu walikuwa wananiambia ninunue jipya la plastiki, yaishe.

Kabati lenyewe ni la babu. Lina droo nne: mbili ndogo juu, zimekaa ubavu kwa ubavu, kisha mbili kubwa chini yake. Limesimama chumba kile kile cha nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, tangu sijazaliwa, karibu na ukuta wa uani. Droo ya chini kabisa ni ya kanga, na ukiifungua bado inatoa harufu ya udi na asumini kavu. Tatizo ni huko kuifungua.

Kosa langu la kwanza nalisema wazi, maana naona watu wengi wanalirudia. Ilikuwa Mei. Tanga mvua za masika huwa nyingi Aprili na Mei, na mwaka ule nguo zilikuwa zinakaa kambani siku tatu bila kukauka. Niliazima randa kwa jirani, nikatoa ile droo ya dawa kwa taabu, nikaipiga randa mbavu zote mbili, juu na chini, mpaka ikaingia na kutoka kama imepakwa siagi. Mama alifurahi. Nikataka kuendelea na ile ya kushoto, giza likaniwahi, nikaiacha.

Kuiacha kwangu ndiko kulikonifundisha. Ilipofika Januari, kaskazi inavuma na jua linawaka, droo ya kushoto ambayo sikuigusa ilikuwa inafunguka yenyewe vizuri. Ile ya kulia niliyoichonga ilikuwa imelegea, inacheza huku na huku, ukiivuta inainamisha uso chini, na siku moja ilimdondokea mama miguuni na chupa za dawa zikatawanyika sakafuni. Nilizitazama zile droo mbili pacha, moja nimeitibu na moja sikuitibu, nikaona kwamba aliyepona ni yule ambaye sikumpa dawa.

Nikaenda kumtafuta fundi. Si wale vijana wa fenicha za kisasa, ingawa wapo hodari sana. Nilielekezwa kwa mzee mmoja huko Makorora ambaye alikuwa ameacha kazi ya kila siku na sasa anachonga vibao vya mbuzi za kukunia nazi na miko barazani kwake. Nilimwamkia, nikamweleza, akanisikiliza bila kuacha kuchonga. Kisha akaniuliza swali moja: "Uliichonga mwezi gani?" Nilipomjibu Mei, akatikisa kichwa. "Umemkata mtoto nguo akiwa amevimba, bibie."

Mbao, alinieleza, hainyamazi hata baada ya miaka hamsini. Inakunywa unyevu wa hewani na kuutoa, kila msimu. Lakini haivimbi kila upande sawasawa. Kwa urefu, yaani kufuata nyuzi zake, karibu haibadiliki kabisa. Inavimba kwa upana, kukata nyuzi. Na ubavu wa droo umelazwa hivyo: nyuzi zinakwenda mbele na nyuma, upana umesimama wima. Kwa hiyo masika droo hairefuki, inapanda juu. Ubao wenye upana wa sentimita 20 ukivimba asilimia 1 tu, umeshaongezeka milimita 2, na fundi aliyeacha nafasi ya milimita 1 amekwisha kukwama. Ndiyo maana droo yenye mbavu pana hukwama kuliko yenye mbavu fupi, na ndiyo maana kuchonga mbavu kwa nje, kama nilivyofanya, mara nyingi ni kuchonga mahali ambapo hapana kosa.

Alikuja nyumbani siku ya pili. Nilitegemea aanze na droo ya dawa. Hakuigusa. Aliivuta droo kubwa ya chini, ile ya kanga, akaona inagoma, akaniuliza inagoma msimu gani. Nikamwambia yote: masika, vuli, kiangazi, haina wakati. Akasema, "Basi huyu hana ugonjwa wa maji."

Kumtoa tu ilikuwa kazi, na namna alivyofanya naiandika kwa urefu kwa sababu hapo ndipo vishikio hung'oka na nyuso za droo hupasuka. Hakuvuta kishikio. Alitoa kwanza droo ya juu yake, akapitisha mkono ndani kupitia uwazi ule, akagusa kingo za ile iliyokwama kuona imebanwa wapi. Kisha akaniambia nisukume kutokea ndani, nyuma, kwa kiganja, huku yeye akishika pembe mbili za chini kwa mbele. Tukaisogeza kidogo kulia, kidogo kushoto, upande kwa upande, kama unavyotembeza friji zito, bila kuipa nafasi ya kwenda mshazari. Droo ikienda mshazari hujibana yenyewe, na kadiri unavyovuta ndivyo inavyojikaza. Ilitoka baada ya dakika kama kumi. Kwa ile inayokwama kwa unyevu alinipa njia nyingine: toa za jirani yake, elekeza feni kwenye uwazi usiku mbili tatu, halafu ndipo ujaribu. Kuitoa na kuianika juani alikataza kabisa. Jua la Tanga linakausha uso wa mbao kabla ya kiini, na mbao inapinda au kupasuka. Ianikwe kivulini, mahali penye upepo, isimame kwa ubavu.

Baada ya kuitoa aliikwangua kidogo kwa chini kwa ncha ya patasi, akainusa, akaniita nione rangi. Mninga, kuanzia uso mpaka mbavu. Kisha akakwangua droo mbili ndogo za juu. Nyuso zake mninga, lakini mbavu ni paini nyeupe. Mtu aliwahi kuzitengeneza huko nyuma, akaweka mbao ya rahisi. Hapo fumbo la nyumba yetu likafunguka. Mninga uliokauka vizuri ni katika mbao tulivu, hauvimbi wala kunywea sana, na ndiyo sifa inayofanya mafundi wa milango na fenicha waupende. Paini inacheza zaidi. Zile ndogo zilikuwa zinakwama kwa maji. Ile kubwa ilikuwa inakwama kwa jambo jingine, na mimi nilikuwa nazitazama zote kama ni ugonjwa mmoja.

Akatoa uzi mfukoni. Akaushika kona ya juu kushoto ya kabati, akauvuta mpaka kona ya chini kulia, akafunga fundo. Kisha akapima kona zile nyingine mbili kwa uzi uleule. Fundo halikufika. Tofauti ilikuwa karibu upana wa kidole. Kabati lenye pembe sawa, uzi wa huku na uzi wa huku lazima ulingane. Usipolingana, kabati limelala upande, na kisanduku kilichonyooka hakiwezi kupita kwenye tundu lililolala. Aliweka pimamaji juu ya kabati, povu likakimbilia upande mmoja. Tukaangalia miguu. Mguu wa nyuma, upande wa ukuta wa uani, ulikuwa umezama pamoja na sakafu. Bati la pale juu lilivuja miaka kadhaa kabla hatujalibadilisha, maji yakaingia chini ya saruji, sakafu ikadidimia. Bati tulitengeneza. Mguu wa kabati hakuna aliyeukumbuka.

Alichonga kabari mbili nyembamba, akaziingiza chini ya mguu kutoka pande mbili zinazokabiliana ili kabati lipande bila kuinama, akawa anagonga taratibu na kupima uzi, anagonga na kupima. Fundo lilipolingana aliniambia nirudishe droo. Ilikuwa bado nzito, lakini iliingia. Droo iliyokuwa imegoma tangu nikiwa na watoto wadogo ilirudi mahali pake kwa sababu ya vipande viwili vya mbao vya urefu wa kidole, na hakuna hata unyoya mmoja wa mninga ulioanguka chini. Nilikaa kitandani kwa mama nikaangalia tu.

Uzito uliobaki tuliutafuta kwa chaki. Unapaka chaki kwenye zile mbao mbili za ndani ambazo droo hupita juu yake, mafundi wanaziita reli, na pia kwenye kingo za juu za mlango wa droo, yaani ule uwazi inamoingia. Unaiingiza na kuitoa mara mbili, kisha unaigeuza kichwa chini. Palipochafuka kwa chaki ndipo panapogusa. Bila chaki unaweza kutafuta sehemu zilizong'aa, maana mbao inayosuguana miaka mingi hung'aa kama kipini cha jembe. Chaki yetu ilionyesha mambo mawili. La kwanza, kitako cha droo kilikuwa cha plaiwudi nyembamba iliyobonyea katikati kwa uzito wa kanga, na vichwa vya misumari viwili vilikuwa vimevimba kwa kutu na kutokeza. Sisi tuko pwani. Hewa ya chumvi haichelewi kula chuma. Misumari ilikuwa imechimba mfereji kwenye reli kila siku ya Mungu. Tuliing'oa kwa koleo, tukakigeuza kitako juu chini, ule upande uliotuna kwa chini ukawa wa juu, tukakikaza upya kwa skrubu ndogo za shaba. Mama akapewa masharti: kanga nusu zihamie sandukuni.

La pili ni reli zenyewe. Zilikuwa zimelika, hasa karibu na mdomo, kiasi kwamba droo ikitoka nusu inazama na uso wake kugonga ubao wa chini. Ndiyo sababu watu huona droo inaanza vizuri halafu inakwama katikati. Fundi alisawazisha mfereji ule kwa patasi, akagandisha kipande chembamba cha mtiki. Mtiki kwetu si wa kutafuta mbali, shamba la Longuza liko Muheza hapo, na vipande vya mabaki hupatikana kwa bei ya kawaida kwa wachana mbao. Alinieleza kwamba mtiki una mafuta yake ya asili, unateleza na hauliki haraka, lakini mafuta hayohayo huifanya gundi isishike. Kwa hiyo aliusugua kwanza kwa msasa, akaufuta kwa kitambaa chenye spiriti, ndipo akapaka gundi.

Ilipofika zamu ya kulainisha reli, yeye na mama walihitilafiana kwa heshima zote. Mama miaka yote amekuwa akipaka mafuta ya nazi. Fundi alimwonyesha reli za droo ndogo: zilikuwa na utando mweusi unaonata, mchanganyiko wa mafuta yaliyoganda na vumbi, na sisimizi walikuwa wamefanya njia yao pale. "Mafuta yanateleza wiki moja, bibi, halafu yanakuwa gundi." Mama akauliza, na sabuni ya mche je? Wengi wanaitumia, akasema, na inasaidia, lakini sabuni huvuta unyevu, na kwa droo iliyokwama kwa unyevu unaiongezea. Alitaka mshumaa mweupe, wa kawaida, ule wa umeme ukikatika. Unausugua mkavu kwenye reli na kwenye kingo za chini za mbavu, kwa nguvu, mpaka uone mng'ao, kisha unaingiza na kutoa droo mara kumi. Nta ya nyuki nayo ni nzuri ila hunata kidogo kwenye joto, hivyo ukiwa nayo, changanya na mshumaa. Utando wa mafuta ya nazi niliukwangua mimi kwa kisu butu, jioni mbili. Ndiyo kazi iliyonichosha kuliko zote, na natamani mtu angetuambia miaka ishirini nyuma.

Ile droo ya dawa niliyoiharibu haikutupwa. Fundi alipasua mbao nyembamba za paini, akazigandisha kwenye kingo za chini za mbavu, nyuzi zikielekea upande uleule na za ubavu ili zivimbe na kunywea pamoja. Akaziacha zikauke usiku kucha zimebanwa kwa kamba na vijiti. Kesho yake akazisawazisha kwa msasa namba 120, si kwa randa. Ilikuwa mwisho wa Januari, mbao iko katika ukavu wake. Akaweka sarafu ya shilingi 200 kati ya ukingo wa juu wa droo na mlango wake, akasema wakati huu wa kaskazi sarafu ipite bila kugusa. Nafasi hiyo ndiyo chakula cha masika.

Mwisho akanituma vanishi. Jambo hili sikulijua: kabati letu lilikuwa linang'aa kwa nje, lakini ndani, mbavuni na vitakoni, mbao ilikuwa tupu, na huko ndiko unyevu ulikuwa unaingia bila kizuizi. Nilipaka vanishi iliyozimuliwa, nyepesi, mara mbili, ndani na nje ya mbavu, na hasa kwenye vichwa vya mbao palipokatwa, maana hapo inakunywa zaidi. Kwenye reli na kingo zinazotembea sikupaka. Hapo ni mshumaa tu, vanishi ikikutana na vanishi kwenye joto inashikana. Droo zilikaa nje ya kabati siku tano mpaka harufu ikaisha, na nguo za mama zilikuwa zimepangwa juu ya mkeka. Vanishi, alinitahadharisha, haizuii unyevu, inauchelewesha. Masika yetu hayakai mwaka mzima, kwa hiyo kuchelewesha kunatosha.

Kwa malipo alitaja kiasi kidogo hata mama akaona aibu, akamwongezea na kanga ya mkewe.

Masika ya mwaka huu yalipoingia niliisubiri Mei kwa wasiwasi. Nilichukua sarafu ileile ya shilingi 200 nikaijaribu kila Jumapili. Wiki ya kwanza ya Aprili sarafu ilipita. Mwisho wa Aprili ilianza kugusa. Katikati ya Mei haikupita kabisa, ukingo ulikuwa umepanda, lakini droo ya dawa ilitoka kwa mkono mmoja. Ile ya kushoto, ambayo mbavu zake hatukuzigusa zaidi ya mshumaa na vanishi, ilikuwa nzito kidogo asubuhi za mvua, na nimeiacha hivyohivyo. Ya kanga mama anaifungua mwenyewe. Kabari naziangalia kila baada ya miezi michache, maana sakafu ile bado sijaivunja na kuimwaga upya, na uzi wenye fundo nimeutundika kwenye msumari nyuma ya kabati.

Juzi ameniita tena, safari hii jikoni. Mlango wa uani unakwaruza sakafu, hauwezi kufungwa usiku bila kuupiga teke, na jirani amekwisha kumwambia ataleta randa Jumamosi. Nimemwomba randa ibaki kwao. Nimeangalia bawaba za juu, skrubu mbili zimelegea, nimezikaza, mlango umenyanyuka kidogo. Kilichobaki tumekiwekea alama ya chaki, na nimemwambia mama tusubiri kaskazi.